Neno Lililopunguzwa: Habari ya Simu ya Ems

Katika nchi ya Ujerumani, kando ya mto uitwao Lahn, uko mji mdogo jina lake Bad Ems. Tangu zamani watu wakubwa walikuwa wakienda huko kuoga na kunywa maji ya chemchemi zake, kwa kuwa yasemekana kuwa ni dawa. Katika njia ya matembezi ya mji huo limewekwa jiwe la ukumbusho. Halina sanamu ya mtu, wala orodha ya majina ya waliokufa. Limeandikwa siku na saa tu: tarehe 13 Julai 1870, saa 3 na dakika 10 za asubuhi. Mgeni akipita asipoambiwa, hawezi kujua maana yake. Lakini mahali pale watu wawili walizungumza kwa muda mfupi, kisha wakaachana; na siku 6 baadaye mataifa mawili makubwa yaliyo jirani yalikuwa vitani.

Ndugu wasomaji, habari ya mazungumzo hayo yafaa kukumbukwa na kila mtu ajuaye kusoma, maana hatari yake hutuelekea hasa sisi tunaosoma. Watu wengi hudhani kwamba gazeti laweza kuwadanganya watu kwa njia moja tu, yaani kuandika jambo lisilokuwako. Habari ya Ems yatuonyesha njia nyingine, iliyo nyepesi kuliko hiyo, na tena ni ngumu kuitambua: kuandika yaliyo kweli, na kuyaacha machache.

Wahenga walisema, Fahali wawili hawakai zizi moja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Ufaransa na Prusia. Zamani zile Ujerumani haikuwa dola moja; ilikuwa nchi nyingi, ndogo na kubwa, kila moja ina mtawala wake, na Prusia ndiyo iliyozishinda nyingine zote za kaskazini kwa nguvu. Mwaka 1806 Napoleon wa Kwanza, Kaisari wa Wafaransa, aliyashinda majeshi ya Prusia akaingia Berlin, mji wao mkuu. Miaka 8 baadaye mambo yaligeuka: Waprusia na wenzi wao wakaingia Paris, na katika jeshi hilo alikuwamo mwana wa mfalme, kijana wa miaka 17, jina lake Wilhelm. Kijana huyo ndiye aliyekuja kuwa Mfalme wa Prusia, naye ni mmoja wa wale wawili waliozungumza kando ya mto Lahn, akiwa sasa mzee wa miaka 73.

Mwaka 1866 Prusia ilipigana na Austria, ikaishinda kwa muda wa majuma 7. Mwaka uliofuata nchi za kaskazini ya Ujerumani ziliungana chini yake. Mwenye kuyaongoza mambo hayo alikuwa waziri mkuu wa mfalme, Otto von Bismarck, mtu mwenye akili nyingi na subira ya mvuvi. Wafaransa walipoona jirani yao anazidi kukua, waliingiwa na hofu; na hofu ikikaa siku nyingi moyoni hugeuka kuwa chuki. Kaisari wao wa wakati huo, Napoleon wa Tatu, alikuwa mgonjwa, na wengi waliomzunguka walisema kwamba heshima ya taifa imepungua na lazima irudishwe.

Wakati huohuo kulikuwa na jambo jipya duniani. Hapo kale habari ilikwenda kwa mwendo wa farasi au wa merikebu. Sasa waya za simu zilikuwa zimepita nchi zote za Ulaya, na maneno yaliyopigwa kwa alama katika mji mmoja yaliandikwa katika mji mwingine kabla ya mtu kumaliza kula chakula chake. Katika Paris, Charles Havas alikuwa amefungua mwaka 1835 nyumba ya kukusanya habari na kuziuza kwa magazeti. Watu wawili waliowahi kufanya kazi kwake walikwenda kufungua nyumba zao wenyewe: Bernhard Wolff katika Berlin mwaka 1849, na Julius Reuter katika London mwaka 1851. Mwanzo wa mwaka 1870 nyumba hizo tatu zilipatana, zikagawana dunia, kila moja na sehemu yake ya kukusanya na kuuza habari. Basi jambo lililotokea Berlin jioni liliweza kusomwa Paris kesho yake. Habari zilipata mbio, walakini akili za wasomaji zilibaki na mwendo wao wa zamani.

Tena serikali zilikwisha kujua faida ya magazeti. Baada ya vita vya mwaka 1866, Bismarck alikamata mali ya Mfalme wa Hanover aliyeondolewa katika kiti chake, na sehemu ya fedha hiyo ilitumiwa kwa siri kuwalipa waandishi. Bismarck alisema kwamba fedha ile ni ya kuwafuata watambaao, yaani maadui wa siri, mpaka ndani ya mashimo yao; watu wakaligeuza neno lake, wakayaita magazeti yaliyolipwa naye magazeti ya watambaao. Na serikali ya Ufaransa nayo ilikuwa na magazeti yake ya kulishwa. Kwa hiyo, msomaji wa Berlin na msomaji wa Paris, kila mmoja aliponunua gazeti lake asubuhi, alidhani anaisikia sauti ya nchi yake. Mara nyingi alikuwa anaisikia sauti ya mfuko wa mtu.

Sasa tutazame ugomvi wenyewe ulivyoanza. Mwaka 1868 Wahispania walimfukuza malkia wao, Isabella wa Pili, wakabaki wakitafuta mfalme. Baada ya kuuliza huku na huku, walimwendea Leopold, mwana wa ukoo wa Hohenzollern, jamaa ya Mfalme wa Prusia. Bismarck alilisaidia shauri hilo kwa siri. Mwanzo wa Julai 1870 siri ilitoka, ikafika Paris. Wafaransa waliwaka hasira, wakajiona kama mtu ambaye jirani asiyempenda amejenga mlango wa mbele, kisha anamleta ndugu yake ajenge mlango wa nyuma. Tarehe 6 Julai waziri wao wa mambo ya nje, Gramont, alisimama katika baraza la taifa akanena maneno makali, na magazeti mengi ya Paris yakapaza sauti kuliko yeye.

Walakini shauri hilo lilikuwa na dawa. Mfalme Wilhelm hakutaka vita. Tarehe 12 Julai baba yake Leopold alitangaza kwamba mwanawe hataki tena kiti cha Hispania. Hapo Ufaransa ilikuwa imepata ilichokitaka, bila damu ya mtu hata mmoja kumwagika. Laiti wangeshukuru wakanyamaza! Lakini magazeti ya Paris yaliudhihaki ushindi huo kwamba ni mdogo, wala hautoshi kwa heshima ya taifa kubwa. Gramont akataka zaidi. Jioni ileile alimpigia simu balozi wa Ufaransa, Vincent Benedetti, aliyekuwa Ems karibu na mfalme, akamwagiza amtake mfalme aahidi kwamba hatakubali kamwe, hata siku za baadaye, mtu wa ukoo wake atawale Hispania.

Ndiyo asubuhi ile iliyoandikwa juu ya jiwe. Mfalme alikuwa akitembea kando ya mto, Benedetti akamkaribia, wakasalimiana kwa adabu. Balozi alitoa ombi lake, akalikaza. Mfalme akakataa, akisema kwamba mtu hawezi kujifunga kwa ahadi ya milele. Tena alieleza kwamba yeye mwenyewe bado hajapata barua ya kumhakikishia habari ya Leopold. Wakaachana. Mchana barua ile ilifika. Mfalme akamtuma mkuu wa zamu aliyemhudumia, mtu wa nasaba kubwa, jina lake Radziwill, ampashe balozi kwamba barua imekuja, nayo yathibitisha habari aliyokwisha kuipata kutoka Paris, na kwa hiyo mfalme hana neno zaidi la kumwambia. Balozi aliomba kuonana na mfalme tena juu ya ile ahadi. Akajibiwa kwa upole kwamba jibu ni lilelile la asubuhi.

Kisha mtumishi wa mfalme, Heinrich Abeken, aliandika simu ndefu kwenda Berlin kumweleza Bismarck mambo yote jinsi yalivyokuwa, na mwisho alisema kwamba mfalme anamwachia Bismarck shauri la kuwajulisha mabalozi na magazeti habari hii.

Simu ilimkuta Bismarck mezani, anakula chakula cha jioni pamoja na wageni wawili: Moltke, aliyeviongoza vita vya Prusia, na Roon, waziri wa vita. Bismarck mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wote watatu walikuwa wamekata tamaa kwa kuwa vita imewaponyoka, hata chakula hakikuwapendeza. Ndipo aliposhika kalamu akaifupisha ile simu mbele yao, nao wakafurahi, wakarudi kula na kunywa. Wataalamu wa historia husema kwamba alikipamba kisa hicho ili ajikweze. Lakini tendo lenyewe halina shaka, maana maandiko yote mawili yako, la kwanza na lile lililofupishwa, na kila mtu aweza kuyalinganisha.

Basi tuyalinganishe. Katika simu ya Abeken mfalme anazungumza na balozi, anakataa, anatoa sababu, anangoja barua, barua inakuja, na ndiyo maana hana haja ya kumwona balozi tena. Mambo yanafuatana kama hatua za mtu atembeaye. Katika maandiko ya Bismarck hatua za katikati hazimo. Yamebaki mambo mawili tu: balozi wa Ufaransa alimtaka mfalme ajifunge kwa ahadi ya milele, na mfalme akakataa kumpokea tena, akamwambia kwa kinywa cha mtumishi wa zamu kwamba hana neno zaidi la kumwambia. Mazungumzo hayamo, barua haimo, sababu haimo. Hakuongeza habari ya uongo. Alipunguza tu. Na kwa kupunguza, jibu la mtu aliyekwisha kupata barua yake likawa kama mlango uliofungwa mbele ya uso wa mgeni.

Jioni ileile toleo la pekee la gazeti moja la Berlin, lililokuwa kinywa cha serikali, lilipigwa chapa na kugawiwa barabarani bure. Wajerumani waliosoma walisema, “Balozi huyu amemsumbua mfalme wetu mzee katika matembezi yake!” Usiku simu zilikwenda katika miji mingine ya Ulaya. Tarehe 14 habari ilifika Paris, ikafasiriwa kwa Kifaransa na nyumba ya Havas. Hapo jambo dogo liliongeza moto. Neno la Kijerumani la kumtaja yule mkuu wa zamu liliachwa kama lilivyo, bila kufasiriwa. Na katika Kifaransa neno lifananalo nalo ni cheo cha askari mdogo asiyefikia kuwa afisa. Wafaransa waliosoma walisema, “Mfalme wa Prusia amemtuma sajini kumfukuza balozi wetu!”

Taifa moja lilidhani mfalme wake ametukanwa. La pili lilidhani balozi wake ametukanwa. Na yote mawili yalisoma habari ileile moja. Na siku ileile Paris ilipokuwa ikichemka, Benedetti alikwenda kituo cha gari la moshi cha Ems kumuaga mfalme aliyekuwa akisafiri, nao wakaagana kwa adabu kama ilivyo desturi ya watu waungwana. Baadaye Benedetti mwenyewe alikana kwamba alitukanwa. Lakini nani alikuwa na nafasi ya kumwuliza? Katika barabara za Paris makundi ya watu yalikwisha kuanza kupiga kelele, “Twende Berlin!”

Tarehe 15 Julai shauri lilipelekwa katika baraza la taifa la Ufaransa. Mzee mmoja, Adolphe Thiers, alisimama akasema kwamba jambo la maana limekwisha kupatikana, ya nini basi kumwaga damu kwa ajili ya maneno? Akataka barua na simu zenyewe ziletwe zisomwe. Wenzake walimzomea, wakamkatiza kwa kelele, wakamwita asiyeipenda nchi yake. Waziri mkuu Émile Ollivier alisema kwamba anaupokea wajibu wa vita hivi kwa moyo mwepesi. Neno hilo lilimfuata kama kivuli mpaka kufa kwake. Tarehe 19 Julai Ufaransa ilitangaza vita.

Tuwe waadilifu katika hukumu yetu. Simu ile peke yake haikuleta vita. Bismarck aliitaka, Gramont aliitafuta pasipo kuipima, Kaisari mgonjwa hakuizuia, magazeti ya pande mbili yalikuwa yameitayarisha kwa siku nyingi. Simu ilikuwa kaa la moto, lakini majani makavu yalikuwa yamekusanywa. Kaa likiangukia majani mabichi huzimika lenyewe.

Hata baada ya vita kuanza, Bismarck hakuiweka kalamu chini. Alikuwa na karatasi ya zamani, iliyoandikwa na Benedetti kwa mkono wake mwenyewe mwaka 1866, yenye shauri la kwamba Ufaransa ichukue nchi ya Ubelgiji na Prusia isiizuie. Alikuwa ameihifadhi miaka 4 akiingojea siku yake. Tarehe 25 Julai 1870 gazeti la The Times la London liliichapa. Waingereza, ambao wasingeweza kuvumilia Ubelgiji kuguswa, walipoisoma walikasirika, na huruma yao kwa Ufaransa ikapoa. Hapo tena karatasi ilikuwa ya kweli. Kilichofichwa ni kwamba shauri hilo lilizungumzwa na watu wawili, na Bismarck mwenyewe alikuwa mmoja wao.

Vita ilidumu miezi 6. Mwanzo wa Septemba, penye mji wa Sedan, Kaisari Napoleon alikamatwa pamoja na jeshi lake. Kisha Paris ikazingirwa, tangu Septemba mpaka mwisho wa Januari 1871. Mji uliokuwa ukipiga kelele za kwenda Berlin ukala nyama ya farasi, na paka, na panya, na hata ndovu wawili wa bustani ya wanyama. Barua zilitoka kwa baluni juu ya vichwa vya adui, na majibu yakarudi yamefungwa katika manyoya ya njiwa. Tarehe 18 Januari 1871, katika jumba la wafalme wa Ufaransa huko Versailles, Wilhelm alitangazwa kuwa Kaisari wa Ujerumani yote. Ufaransa ilinyang'anywa Alsace na sehemu ya Lorraine, ikatozwa franka milioni 5,000. Askari Wafaransa zaidi ya 130,000 walikuwa wamekufa, na Wajerumani zaidi ya 40,000. Na mtu aliyepewa kazi chungu ya kupatana na washindi alikuwa Thiers, yule mzee aliyezomewa. Majuto ni mjukuu, huja kinyume.

Mtu aweza kudhani kwamba habari yaishia hapo. Sivyo, chuki iliyoanzishwa magazetini ilihamia katika madarasa ya watoto. Kila mwaka, tarehe 2 Septemba, watoto wa Ujerumani walisherehekea ushindi wa Sedan. Katika Paris, sanamu ya mwanamke iliyosimama badala ya mji wa Strasbourg, mji mkuu wa Alsace, iliwekewa mashada ya maombolezo, na watoto wa Ufaransa walipitishwa hapo waione. Kitabu kimoja cha kusomea, kilichotoka mwaka 1877, kiliwasimulia habari za watoto wawili yatima waliotoka Lorraine kuitafuta Ufaransa. Kiliuzwa kwa mamilioni. Mwalimu wa upande huu alifundisha furaha, mwalimu wa upande ule alifundisha huzuni, na wote wawili walikuwa wakilea askari.

Mwaka 1892, mbele ya baraza la Ujerumani, simu ya Abeken ilisomwa yote jinsi ilivyokuwa. Hapo watu walijua neno lililopunguzwa. Miaka 22 ilikuwa imepita. Ukweli ulifika, lakini ulifika kama mgeni wa mazishi aliyechelewa, aliyekuta kaburi limekwisha kuota majani.

Mwaka 1914 vita kubwa ilizuka tena, nayo ilikuwa na sababu nyingi, na uadui huu wa majirani wawili ulikuwa mojawapo. Tarehe 3 Agosti Ujerumani ilipotangaza vita juu ya Ufaransa, iliandika katika tangazo lake kwamba warushaji wa ndege wa Ufaransa wametupa mabomu juu ya njia ya gari la moshi karibu na Nuremberg. Mabomu hayo hayakuwako. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuieneza habari hiyo, na watu wakaiamini. Safari hii neno liliongezwa. Na waliozoea kuamini habari iliyopunguzwa waliimeza pia ile iliyobuniwa.

Vita hiyo ilitufikia sisi. Novemba 1914 mizinga ililia Tanga, mbali sana na mto Lahn, na kwa miaka 4 wanaume wa Afrika ya Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi, nao wakafa makumi ya maelfu kwa njaa, kwa homa, na kwa kuhara. Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wapagazi mpaka leo. Wapagazi wale hawakusoma gazeti la Berlin wala la Paris. Mzigo wa maneno ya wengine uliwekwa juu ya vichwa vyao.

Mwaka 1919, katika ukumbi uleule wa Versailles ambamo Wilhelm alifanywa Kaisari, Wajerumani walilazimishwa kutia sahihi mapatano ya kushindwa. Mwaka 1940 ikawa zamu ya Wafaransa, nao wakatia sahihi ndani ya behewa lilelile ambalo Wajerumani walikuwa wametia sahihi mwaka 1918. Kisasi kilijua njia yake. Mji wa Strasbourg ulihamishwa kutoka dola moja kwenda nyingine mara 4 ndani ya miaka 75: mwaka 1871, mwaka 1918, mwaka 1940, na mwaka 1944. Mtu aliweza kuzaliwa na kuzeeka katika nyumba moja, na nchi yake ikabadilika mara nne.

Hata hivyo, majirani hao wawili leo si adui, na jinsi walivyotoka katika uadui yafaa kujulikana kuliko jinsi walivyoingia. Mwaka 1951 walimu na wataalamu wa historia wa nchi zote mbili walikutana, wakaketi na mambo yaliyowagombanisha, wakaandika ni yapi yanayoweza kufundishwa kwa watoto wa pande mbili bila kuipotosha kweli. Tarehe 22 Januari 1963 Rais Charles de Gaulle na Konrad Adenauer, mkuu wa serikali ya Ujerumani ya Magharibi, walitia sahihi mapatano ya urafiki, na mwaka huohuo ikaundwa kazi ya kuwapeleka vijana wa nchi moja kukaa katika nchi ya pili. Mwaka 2003 vijana wa nchi mbili waliokutana Berlin walitaka kitabu kimoja cha historia kwa wote. Na mwaka 2006 sehemu ya kwanza ilitoka, maneno yaleyale kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Na katika Strasbourg, mji ule ulionyang'anywa na kurudishwa, pana makao ya televisheni iitwayo ARTE, iliyoanza kazi mwaka 1992, ambayo hutangaza kwa lugha zote mbili. Mambo yale mawili yaliyowafarikisha, habari na shule, ndiyo yaliyotumiwa kuwapatanisha.

Basi, ndugu msomaji, utasema: Haya ni ya wafalme na mabalozi; mimi yanihusu nini? Fikiri mambo ya kijijini kwako. Mtu anakwenda kuposa, anajibiwa, “Mzee anakuheshimu, ila binti yetu bado yumo masomoni, na arudi mwakani.” Mjumbe akirudi akisema tu, “Wamekataa,” hakusema uongo mkubwa, lakini koo mbili zaweza kukaa miaka 20 pasipo kusalimiana kwa ajili ya maneno machache aliyoyaacha njiani. Ndiyo maana wazee wetu walichagua mshenga kwa uangalifu mwingi, mtu anayeweza kulibeba neno lote asimwage hata tone.

Siku hizi kila mwenye simu ya mkononi ana kalamu ya Bismarck mfukoni. Neno la mtu hukatwa kichwa na miguu, likapelekwa kwa maelfu kabla jogoo hajawika, na wenye kulipeleka husema kwa dhamiri safi, “Mimi sikuongeza kitu.” Kwa hiyo, ikikufikia habari ya jirani, au ya kabila lingine, au ya nchi iliyo ng'ambo ya mpaka, nayo ikakuchemsha damu mara moja, iulize maswali matatu kabla ya kuipitisha. Nani ameiandika, naye anapata faida gani? Kabla ya neno hili lilisemwa neno gani, na baada yake gani? Na huyo asemwaye, je, amepata nafasi ya kujibu?

Maswali hayo hayahitaji elimu kubwa. Thiers aliuliza moja tu kati yake mbele ya baraza zima, yaani zileteni simu zenyewe tuzisome. Kama wangemsikiliza kwa saa moja, wangalimwita Benedetti awaeleze mwenyewe yaliyotokea kando ya mto, naye angaliwaambia kwamba hakuna aliyemfungia mlango.